Mwaka Mama Aliovua Samaki Utemini

Tulipomzika mama kule Kinyangiri, watu waligombana kabla jeneza halijatoka ndani. Katibu wa kanisa alitaka kusoma kwamba marehemu ameacha watoto wawili. Baba mdogo akasema hapana, ameacha mmoja, mwingine alishatangulia. Nikasimama nikasema, kwa sauti ambayo baadaye niliambiwa haimfai mwanamke mwenye mvi, kwamba hakuna mtu hapa aliyemwona kaka yangu Msengi akitangulia popote, kwa hiyo wasome wawili au wasisome kabisa. Wakasoma wawili. Siku iliyofuata nilikuwa nawapakulia waombolezaji maharage, nikapita kwenye turubai walikokaa vijana wa ukoo na simu zao. Mmoja akamwambia mwenzake, "Acha kupoteza muda wewe, uvuvi humu haulipi, nenda kapigane." Nikachungulia ile simu. Kwenye kioo kulikuwa na kijitu kimesimama kando ya maji, kimeshika fimbo. Jamani! Nilikaa palepale chini na sufuria langu, wakadhani ni uchungu wa msiba, wakaniletea maji. Ulikuwa uchungu, ndiyo, lakini wa msiba mwingine.

Nitasema habari za mwaka mmoja tu, ule ambao mimi na Msengi tulikaa chumba kimoja Utemini, mjini Singida. Ulikuwa wakati ambao kila kilichokuwa cha umma kilikuwa kinauzwa. Ghala alilokuwa akilinda Msengi lilipata mwenyewe, mwenyewe akaja na walinzi wake, na kaka yangu akaja kwangu na godoro lililofungwa kamba. Mimi nilikuwa nauza mitumba sokoni, nguo za watoto. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja na pazia la khanga katikati. Upande wake kulikuwa na godoro, jiko la mkaa na ndoo. Asubuhi alitoka kutafuta kazi, amechana nywele, shati limenyooshwa. Mwezi wa kwanza alirudi jioni amechoka. Baadaye akaanza kurudi hajachoka, na hilo lilinitisha zaidi, maana nilijua sasa hatafuti tena. Alikuwa anashinda kwa Hamisi.

Hamisi alikuwa kijana wa Kinyaturu aliyesomea kompyuta Dodoma akarudi kufungua intaneti kafe kwenye chumba kilichokuwa duka la ushirika. Rafu za sukari na sabuni zilikuwa bado ukutani, na juu ya hizo rafu, pale palipokuwa na vitenge ambavyo zamani tulivipangia foleni, ndipo kompyuta zilipokaa, nene, zenye vumbi, zinanguruma kama mashine ya kusaga. Watu wazima waliingia kuandika barua za kazi. Vijana waliingia kwa ajili ya mchezo. Ulikuwa mchezo wa watu wa dunia nzima; unajitengenezea mtu wako mle ndani, unampa jina, halafu unachagua umfundishe nini: kukata miti, kuchimba chuma, kupigana na majoka, au kuvua samaki. Kila kazi ina levo zake, na unapanda kwa kuirudia kazi ileile mpaka uchoke wewe, maana yule wa kwenye kioo hachoki. Msengi alimfundisha mtu wake kuvua, na wenzake hawakumwacha apumue. Aliyekuwa na mdomo zaidi ni Juma Mrefu, fundi baiskeli wa jirani. Nilimkuta siku moja nilipompelekea kaka chakula.

"Wenzako tunaua majoka," Juma alimwambia, "wewe umesimama na fimbo kama unachunga mbuzi wa watu. Huo uvuvi una faida gani?"

"Kwa mtandao huu wa Hamisi? Joka likikujia, mpaka picha ifike hapa Singida umeshazikwa. Samaki hana haraka na mtu. Nabofya, nasubiri, akija amekuja."

"Halafu?"

"Halafu nyie mkirudi mmechanwachanwa na majoka yenu, mnakula nini mpate nguvu? Si mnanunua samaki kwangu? Sasa nani mjinga hapo?"

Watu walicheka, na yeye alicheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu ghala liuzwe. Kwa hiyo sikumsema, nikampa bakuli lake nikaondoka.

Mwaka huo mvua ilikuwa imetugomea. Uwele wa Kinyangiri ulikauka umefika magotini. Baada ya mavuno, kama yale unaweza kuyaita mavuno, mama alikuja mjini na kiroba cha unga na mlenda mkavu, na kuku wawili kwenye kapu, kuona wanawe wanaishije. Kumbe maneno yalishamfikia njiani. Usiwaone watu wa basi wamekaa kimya, wakifika wanamwaga yote. Nilipika ugali, nikautengeneza ule mlenda, tukakaa watatu kwenye mkeka. Mama alikata tonge moja akaliacha mkononi.

"Naambiwa umekuwa mvuvi," akasema.

Msengi, maskini, alidhani anaulizwa. Akaanza kueleza. Alieleza levo, alieleza jinsi alivyoanza na vidagaa mpaka sasa anavua samaki wenye mdomo mrefu kama upanga, alieleza kwamba kuna gati la wavuvi waliokomaa, lina lango, na mle haingii mtu yeyote mpaka ustadi wake ufike. "Singida nzima, mama, ni mimi peke yangu ninayeingia." Alisema hivyo huku macho yanang'aa, mtu mzima mwenye ndevu.

"Tuletee hao samaki basi," mama akasema. "Mlenda huu hauna hata chumvi ya kutosha."

"Hawaliki, mama. Ni wa kwenye..."

"Kwa hiyo nimelima mawe mwaka mzima, nimekula mara moja kwa siku ili nimletee unga mtu anayevua samaki wasiolika." Hakupandisha sauti. Mama yangu akikasirika sauti yake hushuka. "Baba yako angekuwa hai angekuonea haya."

Asubuhi yake Msengi alifunga nguo chache kwenye mfuko wa rambo. Mama alikuwa mlangoni anapepeta unga. Akainama mbele yake kama tulivyofundishwa, akasema, "Shikamoo mama." Mama akaendelea kupepeta. "Shikamoo, mama." Ungo ulikuwa unapanda na kushuka tu. Msomaji wa kwingine anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Kwetu mzazi anakupiga, anakutukana, anakufukuza, lakini marahaba anakupa, maana asipokupa amesema hakujui. Msengi alisema mara ya tatu, akasubiri, kisha akasimama akaenda zake. Nilitoka mbio na khanga kiunoni. Akaniambia anakwenda kutafuta maisha, atapiga simu kwa Hamisi. Nikarudi ndani nikamkuta mama bado anapepeta, na kwenye ungo hakukuwa na pumba hata moja.

Simu haikuja. Wiki zikapita, ikaja baridi ya kiangazi, na vumbi, hakuna simu. Kila jioni nikitoka sokoni nilipita kwa Hamisi, na yeye alikuwa anatikisa kichwa hata kabla sijauliza. Mama alikwenda mwenyewe mpaka Mkiwa, njiapanda, akashinda anauliza madereva wa malori mmoja mmoja. Mwanamke mmoja muuza chai ndiye aliyekumbuka kijana mwenye mfuko wa rambo aliyepanda lori la saruji lililorudi tupu, limeelekea Dodoma. Ni hilo tu tulilopata. Mama alirudi Kinyangiri akaacha kula na watu. Nilipokwenda kumwona alikuwa anaongea peke yake jikoni, anasema marahaba, marahaba, anaisema kwa sufuria. Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi, kwa sababu sikujua mtu anamsaidiaje mama yake na jambo kama lile.

Mvua za kwanza zilipodondoka ndipo Hamisi alipokuja sokoni akikimbia, mlango wa kafe ameuacha wazi.

"Nimemwona Msengi!"

Nguo zilinitoka mikononi. "Yuko wapi?"

"Mle. Kwenye mchezo. Nilikuwa sokoni kwao nanunua samaki, akapita, jina lake lilelile. Nimemwita, hakuitika, ameingia kwenye lile gati lao na lango limenikataa."

Unaelewa tulivyokuwa? Mtu mwenye akili zake angesema, kumbe anacheza, basi mzima, tumshukuru Mungu. Lakini sisi tulitaka aseme yuko wapi, arudi. Hamisi alimtumia ujumbe, haukupita. Aliyekuwa akitumia jina lile alikuwa amefunga, anapokea kwa rafiki zake tu. Kumngoja nje ya lango haikusaidia, kwa sababu mle ndani kulikuwa na ghala la kuwekea samaki, mvuvi akishaingia hana haja ya kutoka. Na katika vijana wote wa kafe, na ushujaa wao wote wa kuua majoka, hakukuwa na hata mmoja mwenye levo ya kuvua ya kumpitisha pale. Walikuwa wameucheka uvuvi mpaka basi. Juma Mrefu alisimama pale anakuna kichwa, akasema, "Ningejua," akatoka nje.

Nilimpelekea mama habari. Alikuwa shambani ameshika jembe, ardhi imelowa vizuri kuliko ilivyolowa miaka miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja: "Huo ustadi, mtu mzee anaweza kujifunza?"

Akaliacha shamba. Nasema hivi watu waelewe: mwanamke wa Kinyangiri, baada ya njaa, siku mvua imekubali, akaacha jembe. Mbuzi aliwapeleka kwa jamaa upande wa pili wa kilima, kuku akawaweka kwenye matenga akaja nao mjini kukaa kwangu, awauze kidogo kidogo ili alipie muda wa kompyuta. Kijijini walisema amerogwa. Walisema Mama Msengi anavua samaki wa umeme. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Mama, tutakula nini mwakani?" Akanijibu, "Mwakani utakula wewe. Mimi nina mtoto majini."

Hamisi alimtengenezea mtu wake, mwanamke mwenye gauni la kahawia, akamkalisha mama kwenye kompyuta ya pembeni karibu na dirisha. Kipanya kilimshinda, mkono uliozoea mpini wa jembe ulikuwa unakiminya kama unataka kukiua. Vijana walitaka wamvulie kwa zamu, akakataa. Alisema atamfuata mwanawe kwa mkono wake. Alianza na vidagaa. Anabofya, anasubiri, kijitu kinatupa nyavu, kinatoa nyavu. Huwezi kubofya ukaenda kunywa chai, maana mchezo ukiona umekaa bure unakutoa nje, kwa hiyo alikaa, macho yanatoka machozi kwa mwanga, mgongo umepinda. Mgao wa umeme ukija alitoka akakaa kwenye ngazi ya kafe mpaka urudi. Nilimletea uji mchana, akaunywa bila kugeuza shingo. Nikamsikia siku moja akimwambia Hamisi, "Sasa naelewa kwa nini alikuwa anakaa hapa. Ukiwa unavua huwazi njaa." Hamisi akainamisha kichwa akajifanya anatafuta waya.

Kuku waliisha. Akauza kitenge chake cha harusi, hakuniambia, nilikiona kwa mwenzangu sokoni kimetundikwa. Nilikasirika, Mungu anisamehe, niliingia kafe nikamfokea mbele za watu kwamba anatuua wote kwa ajili ya mtu aliyeamua mwenyewe kuondoka. Alinionyesha kwa kidole pembeni ya kioo, palipoandikwa levo yake. Ilikuwa imebaki kidogo tu.

Siku lango lilipomkubali ilikuwa mchana, mahindi ya watu wengine yalishaanza kuiva. Hamisi alinitumia mtu sokoni, nikafika nikakuta vijana wote wamejaa nyuma ya kiti cha mama, hata Juma, mikono ina grisi. Yule mwanamke wa gauni la kahawia alitembea kwenye mbao za gati, polepole kwa mtandao ule, anaruka hatua. Na mwisho wa gati, amesimama na fimbo yake, alikuwepo. Msengi. Jina lilikuwa juu ya kichwa chake. Mama alimsogeza mtu wake mpaka akasimama ubavuni kwake, akabofya maji, wakaanza kuvua pamoja. Hakuandika kitu.

"Mwandikie, mama," nikamwambia.

"Mimi ndiye mkubwa. Yeye ndiye wa kuamkia."

Nilidhani sijasikia vizuri. Baada ya yote yale! "Mama, utamkosa."

"Siwezi kumwamkia mwanangu. Na jina tu linaweza kuwa la mtu yeyote. Akisema shikamoo, nitajua ni yeye."

Walivua hivyo mchana ule, na kesho yake, na siku zilizofuata. Mama aliingia asubuhi akamkuta, au akamngoja akaja. Hawakusemezana. Alirudi nyumbani uso umetulia kidogo, akala, akasema, "Leo tumevua vizuri." Mimi ndiye niliyekuwa naungua. Mwishowe nilishindwa, nikamshika mikono nikaiondoa kwenye kipanya.

"Mama, nisikilize. Alikuamkia. Alikuamkia mara tatu pale mlangoni, wewe ukanyamaza. Atakuamkiaje tena? Unamngoja akupe kitu alichokwisha kukupa. Deni liko kwako."

Hamisi aliacha alichokuwa akifanya. Mama akakivuta kibodi. Alijifunza kusoma ukubwani, enzi za elimu ya watu wazima, kwa hiyo alizitafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, na alipokosea hakukubali nimsaidie. Aliandika *marahaba mwanangu*. Akabonyeza. Maneno yalitokea juu ya kichwa cha yule mwanamke wa gauni la kahawia, ya manjano, yakakaa kidogo, yakafutika.

Yule mvuvi alitoa samaki. Akatupa tena. Kisha juu ya kichwa chake pakaandikwa: *nani?*

*mama yako*, mama akaandika.

Ilichukua muda. Nilisema moyoni ni mtandao. Halafu maneno yakaja kwa vipande. *samahani mama nadhani umekosea. mm siyo msengi. hii akaunti nilinunua kwa jamaa, nikaacha jina lake.* Na kabla hatujapumua, kingine: *shikamoo mama.*

Mimi nasoma haraka, nilimaliza kabla yake. Nilibaki namtazama akisoma, midomo yake inafuata silabi, nikajua sasa yuko wapi kwenye sentensi na nini kinamngoja mbele. Alifika. Hakulia. Juma Mrefu nyuma yetu alisema, "Yesu wangu," na yeye ni Mwislamu.

"Mwulize," mama akasema, "aliyemuuzia alikuwa mzima?"

Niliandika mimi. Jibu likaja, kijana wa watu alikuwa mkarimu, aliandika kila alichokumbuka. Kwamba ilikuwa Morogoro, kwenye kafe. Kwamba yule jamaa alikuwa amekonda sana lakini mzima. Kwamba hakutaka kuuza, alisema ameuhangaikia ule ustadi mwaka mzima na watu wakimcheka, lakini hakuwa na kitu kingine ambacho mtu angenunua. *alikuwa anatafuta nauli ya kurudi kwao singida. alisema anaenda kumpigia mama yake magoti. ilikuwa mvua za kwanza kwanza.*

Mvua za kwanza. Hamisi aligeuka akatazama ukuta. Vijana walianza kutoka mmoja mmoja bila kuaga. Nilikuwa nahesabu kichwani bila kutaka: Morogoro, Dodoma, Manyoni, hapa, Kinyangiri, siku ngapi kwa lori, siku ngapi kwa mguu, na miezi yote iliyopita tangu hapo. Sikutaka kumwangalia mama. Lakini yeye alikuwa ameshasimama. Alikuwa anafungua pindo la khanga yake kwa meno na vidole, haraka, kama kuna kitu kinaungua mle, akatoa ufunguo wa nyumba ya Kinyangiri akaninyooshea mbele ya uso.

"Nilifunga, Rehema," akasema. "Nilipokuja huku nilifunga mlango. Twende."